Programu ya Kichina ya kushona nguo kwenye skrini, nilivyoiona mimi fundi wa Lamu

Nianze na linalowahusu mafundi wenzangu: programu hii ni nzuri, nimeilipia kwa jasho langu na nitaendelea kuilipia. Imetengenezwa Uchina. Inakata na kushona nguo ndani ya kompyuta, nguo ukaiona mbele, nyuma na ubavuni kabla uzi haujapita kwenye tundu la sindano. Jina lake sitalitaja, maana sifa zake ni nyingi na lawama zangu si ndogo, na sikukusudia kumtangazia mtu biashara wala kumharibia. Aliyewahi kuitumia ataitambua. Asiyeijua atapata humu mambo ya kuuliza kabla hajatoa pesa kwa programu yoyote ya namna hii.

Mimi hushona Langoni. Kazi yangu kubwa ni abaya na mabuibui, nguo za maharusi, na kanzu Maulidi yanapokaribia. Siku hizi mteja haji na kitambaa peke yake, anakuja na simu. Ananionyesha gauni lililoshonwa Dubai au Istanbul, na mara nyingine gauni ambalo halijashonwa popote, limechorwa na mashine, halafu ananiambia, "Bi fundi, nataka hini hini." Ukimweleza kwamba kitambaa alichonunua hakiwezi kusimama vile, anadhani unamkwepa. Nilihitaji chombo cha kumwonyesha nguo yake, kwa kitambaa chake na kwa mwili wake, kabla sijatia mkasi. Kitambaa cha zari kikishakatwa hakina marejeo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unachora vipande vya pateni vikiwa bapa, vile vile unavyovichora kwa chaki mezani: mbele, nyuma, mikono, kola. Unaonyesha mshono upi uungane na upi. Ukibonyeza, vipande vinamzunguka modeli wa kwenye skrini, vinajishona, na kitambaa kinaanguka. Kila kitambaa kina tabia zake, na unaziweka wewe: uzito, ugumu wa kukunjika, kuvutika kwa urefu na kuvutika kwa upana. Krepu inalala. Atilasi inasimama kidogo, kisha inatereza. Nilipoingiza tabia za nida ninayotumia kila siku, nikakaza kwapa kwa sentimita moja, mkunjo ukatokea begani pale pale unapotokea kwenye nguo ya kweli. Hapo nikaiamini. Fundi hashawishiki kwa rangi, hushawishika kwa mkunjo uliokaa mahali pake.

Programu za namna hii ziko nyingi. Wakorea Kusini walitangulia, CLO yao ilianza mwaka 2009 na wabunifu wa nchi nyingi wanaitumia. Kilichonivuta kwenye hii ya Kichina ni maktaba ya mavazi inayokuja nayo, na hasa folda moja ya mavazi ya kesho: nguo za watu wa miaka ambayo sisi hatutaifikia, na bado ukizitazama unajua zimetoka kwa nani.

Hilo si jambo dogo. Nguo zisizoshonwa kwa kitambaa zilijulikana sana mwaka 2019, kampuni ya The Fabricant ya Amsterdam ilipouza gauni la kwenye skrini liitwalo Iridescence kwa dola 9,500, na mvaaji akalivaa kwenye picha tu. Nimelitazama sana lile gauni. Linabadilika rangi kila mwanga ukiligusa, ni zuri, ila halina kwao. Mtu wa sayari yoyote angelivaa. Uchina waliingia kwa mlango mwingine. Machi 2020, korona ilipofunga watu majumbani, Wiki ya Mitindo ya Shanghai ilihamia mtandaoni yote, kwenye jukwaa la Tmall la Alibaba, na wabunifu waliozoea kutembeza wanamitindo mbele ya watu wakalazimika kufikiri kwa kamera na kompyuta. Tayari walikuwa na mwimbaji asiye na mwili, Luo Tianyi, tangu 2012, na mwaka 2021 akazuka AYAYI, mwanamitindo wa kompyuta ambaye ukimwona kwenye picha utadhani ana mama yake. Watu kama hao wanataka nguo, na nguo zao hazingoji cherehani.

Wakati huo huo kulikuwa na vuguvugu jingine likitembea kwa miguu barabarani. Mwaka 2003 mtu mmoja alipita katika mji wa Zhengzhou akiwa amevaa hanfu, vazi la Wahan, kabila kubwa la Uchina, la kabla ya utawala wa ukoo wa Qing, na tangu hapo vijana wengi wa Kichina wamezirudia nguo za mababu zao. Wanazivaa chuoni, wanapanda nazo treni, wengine wanazivalia raba. Kwa hiyo kijana wa Hangzhou au Chengdu anayekaa leo kuchora nguo ya mwaka 2200, kuna uwezekano mkubwa ameshaivaa nguo ya enzi ya Ming mwilini mwake. Anajua inavyobana kiunoni, anajua inavyomchelewesha kupanda ngazi. Ujuzi huo unaonekana kwenye folda, na ndio ninaousifu.

Chukueni sketi yao ya mamianqun. Ni vazi lililoenea enzi ya Ming (1368–1644), na limekatwa kwa namna ambayo sisi wa pwani tutaielewa upesi. Haikushonwa mviringo ukaingiza miguu. Ni vipande viwili vya kitambaa. Kila kipande kina ubapa mwanzoni na ubapa mwishoni, na kati yake marinda. Vipande vinapishana, ubapa ukalala juu ya ubapa, vikashikwa na mkanda mmoja, na mkanda huo unazungushwa kiunoni na kufungwa kwa kamba. Ukivaa, mbele kuna uso mmoja bapa ulio wima, ubavuni marinda. Ukisimama imetulia, ukipiga hatua marinda yanafunguka.

Katika folda ya mavazi ya kesho sketi hiyo imefanywa kwa kitambaa kisichokuwapo duniani, chepesi, chenye mng'ao wa zebaki, na ndani ya kila rinda umepita mstari wa taa ya buluu. Modeli akisimama huioni taa hata moja. Akiinua mguu wa kulia, marinda ya kulia yanafunguka na buluu inatoka. Akiutua inajificha, na ya kushoto inaanza. Nilimrudisha na kumtembeza yule modeli huku chai yangu ikipoa. Aliyebuni hakubandika Uchina juu ya nguo. Humo hamna joka, hamna herufi, hamna mawingu. Ameuchukua mkato wenyewe wa kale, akaufanya mpango wa marinda ndio unaowasha na kuzima taa. Ukiyatoa marinda, taa hazina kazi. Na mvaaji akitembea kwa haraka isiyo na adabu, nguo yote inawaka ovyo, kila mtu akaona.

Nikaijaribu kwa kubadilisha vitu. Nikaondoa ule mng'ao, nikaweka pamba nyeupe ya kawaida, nikazima taa. Bado ilikuwa mamianqun, mtu yeyote anayeijua angeitambua kwa mbali. Kisha nikachukua gauni jingine la folda hiyo hiyo, limejaa majoka ya dhahabu kutoka shingoni hadi pindoni, nikaondoa majoka. Likabaki gauni la jioni la duka lolote la Nairobi. Uchina yote ilikuwa kwenye picha iliyobandikwa.

Na kusema kweli sehemu kubwa ya folda ni ya namna hiyo ya pili. Mabega ya chuma yaliyopinda juu kama ncha za mapaa, mavazi meusi yenye taa za neoni nyekundu, kola za mawingu zilizofanywa kwa kromu. Hiyo ni kesho iliyochorwa na filamu za Marekani za miaka ya 1980, za mji wa Asia usiku, mvua inanyesha, mabango yanawaka. Mchina kuivaa picha ambayo mgeni amemchorea kunahitaji akili nyingi. Xander Zhou, mbunifu wa Beijing, anaiweza. Mwaka 2018 alipitisha jukwaani London wanaume wenye matumbo ya mimba, na ukiona kazi yake unajua mtu huyu anakutazama unavyomtazama. Wengi wa kwenye folda hawajafika hapo, wameazima tu.

Kuna na suala la uzito, ambalo nisingetegemea kulikuta ndani ya kompyuta. Mnalikumbuka lile joho la manjano la mbunifu wa Kichina Guo Pei, alilovaa mwimbaji Rihanna mjini New York mwaka 2015. Lilikuwa la kilo 25 hivi, limetariziwa kwa mkono, mkia wake ukahitaji watu wa kuubeba. Uzito ule ndio uliompa mwendo. Kwenye folda kuna joho linalofuata mtindo huo, mkia mrefu, nakshi za dhahabu kila mahali, na modeli anakimbia nalo likielea nyuma yake bila shida yoyote. Nilifungua tabia za kitambaa nikakuta uzito umeachwa wa shifoni. Nikaupandisha mpaka uwe wa kitambaa kilichojaa zari. Joho likashuka, mabega yakavutwa nyuma, hatua zikafupika, na yule modeli akawa mtu wa kupishwa njia. Sikugusa kitu kingine. Nawaambia wabunifu wa pande zote, wa kule na wa huku: hata nguo isiyogusika ipewe uzito wake.

Msidhani haya ni mambo ya kuchezea watoto. Novemba 2020 waliotengeneza mchezo wa kuvisha nguo wa Shining Nikki walitangaza kuifunga huduma yao ya Korea Kusini, wiki moja hivi baada ya kuifungua, kwa sababu ya ugomvi kuhusu hanbok ya ndani ya mchezo: Wakorea walisema ni vazi lao, wengi upande wa Uchina wakasema asili yake ni kwao. Julai 2022 wanafunzi wa Kichina walikusanyika mbele ya duka la Dior mjini Paris wakilalamika kwamba sketi iliyouzwa yuani 29,000 imeukopa mkato wa mamianqun bila kuutaja. Walichokuwa wakikitetea ni mahali panapoanzia marinda na mahali yanapoishia. Mimi ni fundi, nawaelewa kabisa.

Baada ya hayo nikataka kujua kama chombo hiki kinaweza kubeba vya kwetu. Niliandika "Afrika" kwenye maktaba, nikaletewa chui, pundamilia na shanga. Leso hamna. Kikoi hamna. Buibui hamna. Iliniuma, kwa sababu mapishano kati ya pwani hii na Uchina si ya jana. Sarafu ya Mfalme Yongle imechimbwa Manda, hapo ng'ambo, watafiti wakaitangaza mwaka 2013. Na kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi, lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Basi nikakaa kuiweka leso mwenyewe.

Leso ikiwa bapa ni kazi rahisi: mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, pindo pande zote nne, mji katikati, jina upande wa chini. Kazi iko kwenye kuivaa. Programu haijui kufutika. Sisi tunazungusha, tunavuta ncha, tunaisokota kidogo na kuichomeka, na kitambaa kinajishika chenyewe kwa kubanana. Kwenye skrini kila nilipoichomeka ilianguka. Wanakupa pini za kubana, lakini pini zinaivuta leso kwenye nukta moja na kuharibu mlalo wote. Jibu nilikuja kulipata kwenye ile ile mamianqun. Nikaifungua pateni yake, nikauchukua mkanda wake wa kiuno, nikaufanya usionekane, na leso nikaishonea humo, mwanzo na mwisho vikapishana mbele. Ikakaa! Pindo la ubavu likashuka wima mbele, mahali pale pale ambapo mamianqun ina uso wake bapa, na jina likaenda nyuma chini linakotakiwa kuwa.

Nilipoiona imekaa hivyo nikaingiwa na hamu ya kuipeleka mbele. Rangi za leso nikaziacha, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kitambaa nikakiacha pamba. Nikatia mwanga kwenye herufi za jina peke yake, "Wema hauozi", mwanga unaoamka pale tu kitambaa cha nyuma kinapoyumba. Anayekutana na mvaaji uso kwa uso haoni kitu. Akishapitwa, mvaaji anaenda zake, jina linawaka na kusomeka. Ndivyo leso zilivyosemeshana tangu zamani, mtu anapita na ujumbe unabaki nyuma yake. Mtoto wa ndugu yangu aliiona akasema, "Shangazi, hii niwekee kwenye WhatsApp nijivishe." Nimemwekea. Imezunguka kwa wenzake wa chuo Mombasa, na wateja wawili wa Malindi wameniulizia kama naweza kuishona ya kweli. Nawaambia taa za kupita kwenye pamba na kufulika bado zinanitatiza, wasubiri.

Kwenye vitambaa maktaba hii haina mpinzani. Wengi mtakimbilia hariri za maua. Mimi nawaelekeza kwenye ile hariri ya Guangdong inayoitwa xiangyunsha. Kitambaa cha kweli huloweshwa maji ya kiazi cha porini na kuanikwa juani, tena na tena, kisha kupakwa tope la mto lenye chuma. Chuma kikikutana na maji ya kiazi, uso wa juu unageuka mweusi wa kung'aa, na upande wa ndani unabaki kahawia. Waliokiingiza kwenye programu wamezitunza zile pande mbili. Nilikitumia kwa buibui, lile pana la zamani la kamba, kwa sababu nguo nyeusi ndiyo mtihani wa programu yoyote. Ukikosea kwenye rangi, nakshi inakufichia. Kwenye weusi huna pa kujificha, umbo lote linasomwa kwa mikunjo. Na buibui lile likageuka na modeli, weusi ukashika mwanga kwenye kila mkunjo, na palipopinduka pindo ikachungulia ile kahawia.

Nikamwita Bi mmoja wa Mkomani, mteja wangu wa miaka, aliyevaa buibui la kamba katika ujana wake. Nikamwambia, "Bi, ndoo uone." Alikaa kwenye kiti, akavaa miwani, akalitazama likizunguka bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Kamba ishushe kitwani kidogo. Na hapo mbele mguu waonekana." Nikashusha pale pale mbele yake, buibui likasogea, akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza hii ni mashine gani wala imetoka wapi. Alisahihisha nguo. Sina sifa kubwa zaidi ya hiyo ya kuipa programu.

Ila ina mahali iliposhindwa, nayo ni kofia ya vito. Ami yangu hushona kofia barazani kwake, na nilimpelekea laptopu nikiwa na matumaini. Vile vitundu vyake, kila kimoja kimezungushiwa uzi, ndivyo vinavyoipa kofia ugumu na ndivyo vinavyopitisha upepo. Programu imevigeuza picha na kuibandika juu ya kitambaa laini. Ukisogeza karibu, hakuna uzi uliopanda wala uzi uliozama. Ami aliitazama mara moja akairudisha: "Hini si kofia. Hini ni picha ya kofia." Na ni kweli. Wala hawakutubagua, maana hata tarizi za Suzhou, ambazo ni fahari yao, zimebandikwa vile vile. Mtu wa darizi za kanzu asiinunue kwa ajili ya darizi.

Sasa lawama. Kwanza, inataka kompyuta yenye nguvu, yenye kadi yake ya grafiki na gigabaiti 16 za kumbukumbu. Laptopu ya kawaida ya dukani itachemka na kuzima. Umeme ukikatika katikati ya kushona, inabidi uanze upya usipohifadhi, kwa hiyo hifadhini kila mara. Malipo ni kwa kadi tu, na leseni ya mwezi inakaribia faida ya abaya mbili za kawaida. Kwa fundi wa harusi inalipa, kwa wa kutia viraka na kupunguza suruali hailipi. Maelezo yapo kwa Kichina na Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kimefasiriwa na mashine. Nilipoandika kuuliza kuhusu ushungi, nilijibiwa na mashine vile vile. Swali langu lilikuwa hili: modeli wote wana nywele, na ukiwavika ushungi nywele zinatoboa kitambaa na kutokea juu. Kwa watu wanaouza nguo dunia nzima, hilo ni jambo la kuona haya. Dawa niliyoipata ni kumnyoa modeli kwanza, halafu kumvika. Inafanya kazi, lakini haifai kuwa kazi ya mteja.

Lawama kubwa kuliko zote ni ya mahali kazi inapokaa. Usipobadilisha mipangilio, kila unachobuni kinapanda moja kwa moja kwenye seva za kampuni, na masharti yanawaruhusu kukitumia "kuboresha huduma". Someni hapo mara mbili. Sisi tuna kumbukumbu ya kikoi: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina lake liwe alama yake ya biashara, Wakenya wakapinga mpaka ombi likaachwa. Jina tu lilitusumbua vile. Je, pateni nzima, na mlalo wake, na mahali pindo linaposhukia? Nimehamisha mafaili yangu yote kwenye diski ya nyumbani na kuzima upandishaji. Mpangilio huo umefichwa ndani ya menyu ya tatu, chini kabisa, na unahitaji kuuzima kila wanapoleta toleo jipya.

Kuna wanaoniambia nimeacha vya kwetu nikafuata vya Wachina. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba kongwe za mji huu, yamekaa mabakuli ya Kichina kwa vizazi, na hakuna aliyewahi kuingia sebuleni akadhani yuko Uchina, kwa sababu zidaka zimechongwa na fundi wa hapa na bakuli limewekwa mahali alipopachagua yeye. Naichukulia programu hii vivyo hivyo. Kitu ambacho vijana wale wa Kichina wamenionyesha ni kwamba vazi la kesho linaweza kubaki la kwenu bila kubandikwa alama hata moja, iwapo anayelichora anaujua mkato. Sisi mikato tunayo. Iko kwenye mabuibui yaliyokunjwa sandukuni na kwenye mikono ya akina Ami, na wengi wa wanaoijua hawajui kutumia kompyuta, na wanaojua kompyuta hawajakaa nao. Ningependa kuona wanafunzi wa hapa wakipima nguo hizo sentimita kwa sentimita sasa hivi, waliozishona wakiwa bado wanaweza kuwasahihisha.

Kwa hiyo, nani anunue? Fundi wa maharusi mwenye wateja wa kutosha, anunue leo. Kikundi cha mafundi watatu wanne wakichangia kompyuta moja, ni bora zaidi. Anayeanza, aombe majaribio ya bure, ashone kwenye skrini nguo moja anayoijua kwa mikono yake, aone kama mikunjo inakaa anapoijua. Isipokaa hapo, aachane nayo hata ikiwa na taa za rangi zote.

Mafaili ya leso na ya buibui la kamba nitampa fundi yeyote wa pwani bila malipo, kwa sharti kwamba hatayapandisha kwenye seva ya mtu. Njooni Langoni na flashi tupu, asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Na mwenye leso za bibi yake zenye majina ambayo hayachapwi tena, aje nazo nizipime.